Asili na Maana ya Neno "Kibarua"

Katika daftari za hesabu za Umoja wetu, tangu lile la kwanza lililofunguliwa miaka kumi iliyopita hata hili la sasa, imo safu moja ambayo kichwa chake hakijabadilika: "Vibarua". Humo huandikwa fedha wanazolipwa watu wanaokuja kutufanyia kazi kwa siku moja, siku mbili au juma zima, kisha wakaenda zao: wapakiaji wa magunia, wachambuzi wa karafuu, wapalizi, wakwezi wa minazi na wafagiaji wa ghala. Katika mkutano mkuu uliopita wanachama kadha walisimama wakataka safu hiyo ipewe jina jingine. Hoja yao ilikuwa kwamba neno hilo ni la dharau, linanuka utumwa, na haifai lionekane katika vitabu vya chama cha watu huru walioshirikiana kwa hiari yao. Wengine wakajibu kuwa neno ni neno tu, na mwenye njaa haulizi jina la kazi. Maneno yalikuwa mengi, na kwa kuwa adhuhuri ilikwisha kuadhiniwa, Mwenyekiti aliamua kwamba Katibu alitazame jambo hili na kuliandikia katika kijitabu hiki cha kumbukumbu. Haya yafuatayo ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Kibarua ni udogo wa barua, kama kijumba kilivyo udogo wa nyumba. Maana yake ya asili, basi, ni barua ndogo, yaani kipande cha karatasi chenye maandishi machache. Maana yake ya pili ni kazi ya kutwa inayolipwa kwa siku, kama tusemavyo "nimepata kibarua bandarini". Ya tatu ni mtu mwenyewe afanyaye kazi hiyo. Sarufi yetu inaonyesha waziwazi njia iliyopita neno hili, kwani karatasi na kazi husemewa "kibarua hiki kimepotea", bali mtu husemewa "kibarua huyu amepotea". Kutoka katika karatasi neno likahamia katika kazi, na kutoka katika kazi likamkaa mtu. Siku hizi limepanda hata katika ofisi kubwa: mkurugenzi akiachishwa kazi, au mwalimu wa timu ya mpira akifungwa michezo mitatu mfululizo, magazeti huandika kwamba kibarua chake kimeota nyasi. Wala hapana anayeona kuwa mkurugenzi ametukanwa.

Kamusi za zamani za Kiswahili, na khasa ile kubwa ya Frederick Johnson iliyotoka mwaka 1939, hutaja maana hizi za barua ndogo na za mtu wa kazi ya kutwa pamoja. Sababu yake ni rahisi kueleza. Hapa Unguja, mtu aliyefanya kazi ya siku moja alipewa kikaratasi cha kuthibitisha kazi yake, na kwa kikaratasi hicho alilipwa. Watu wakaanza kusema kwamba fulani anafanya kazi ya kibarua, na baadaye kwamba fulani ni kibarua.

Barua nayo ina asili yake. Imetoka katika Kiarabu, katika neno baraa, ambalo maana yake ni kuepukana na jambo, kutoka katika deni au tuhuma, kutokuwa na dai. Wasomaji wetu wengi wanalijua neno hilo bila ya kulifikiri: Sura ya 9 ya Qur'ani Tukufu, ile ambayo ndiyo pekee isiyofunguliwa kwa Bismillahi, huitwa At-Tawba na huitwa pia Baraa. Kutokana na maana ya kutokuwa na dai, neno likawa jina la hati yenye kuthibitisha kwamba mtu hana dai. Kisha likatumika kwa hati za namna nyingine. Na huku pwani kwetu likawa waraka wowote anaopelekewa mtu, hata ule wa posa.

Katika nchi za Ghuba neno hili lilibaki karibu zaidi na shina lake. Huko, zama za kuzamia lulu, mpiga mbizi alichukua fedha za matumizi kwa nahodha kabla ya msimu kuanza, na mara nyingi msimu ulimalizika naye bado anadaiwa. Hakuweza kuhamia katika chombo cha nahodha mwingine ila awe na hati kutoka kwa yule wa kwanza, yenye kueleza kuwa deni limekwisha, au limebaki kiasi gani. Hati hiyo iliitwa barwa. Bila ya shaka msomaji anaona ujamaa wake na barua. Lakini yafaa atazame tofauti pia, kwani ndiyo iliyonifanya nikae kidogo katika jambo hili. Barwa ya wazamia lulu ilionyesha deni la mfanya kazi. Kibarua cha Unguja kilionyesha deni la mwajiri. Aliyekishika mkononi ndiye aliyekuwa akidai, na tajiri hakuwa ametoka katika dai mpaka kikaratasi kile kirudi mezani kwake na fedha zitoke.

Sasa turejee Mji Mkongwe, katikati ya karne ya 19, tuone ni haja gani iliyokizaa.

Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, alikwisha kuifanya Unguja makao ya enzi yake na soko la pwani yote. Mkataba wa biashara na Marekani ulitiwa saini mwaka 1833, ule wa Uingereza mwaka 1839, na wa Ufaransa mwaka 1844. Merikebu zilikuja kutoka Salem, Hamburg, Marseilles na Bombay, zikaleta nguo, bunduki na ushanga, zikachukua pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na ngozi. Jina la kitambaa cha marikani limetuachia kumbukumbu ya biashara hiyo. Mizigo yote hiyo ilihitaji mikono: ya kuishusha, kuipima, kuichambua, kuifunga na kuipakia tena. Na karibu mikono yote ya kazi nzito mjini ilikuwa ya watumwa.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo la wafanyabiashara. Raia wa Kiingereza hawakuruhusiwa na sheria ya nchi yao kumiliki watumwa, na Wahindi wengi waliokuwa wakifanya biashara Unguja walihesabiwa kuwa chini ya Uingereza. Kwa miaka mingi katazo hilo halikufuatwa sana, mpaka alipokuja balozi Rigby, ambaye mwaka 1860 aliwalazimisha Wahindi kuwaacha huru watumwa wao kwa maelfu. Tangu hapo, nyumba ya biashara iliyotaka watu ishirini wa kuchambua mali haikuweza kuwanunua. Ikabidi kuwakodi kwa siku, na waliokuwako wa kukodiwa walikuwa ni watumwa wa watu wengine.

Basi ikawa desturi ya wenye watumwa mjini kuwaachia watu wao waende wakajitafutie kazi ya kutwa. Mtumwa wa shamba, kwa kawaida ya Unguja, alimfanyia bwana wake kazi siku tano za juma, naye Alhamisi na Ijumaa akalima kikonde chake. Mtumwa wa mjini aliyepewa ruhusa ya kibarua aliishi maisha ya namna nyingine. Alikwenda asubuhi kwenye forodha au kwenye nyumba za wafanyabiashara, akafanya kazi, akalipwa, kisha akampelekea bwana wake sehemu ya pato lake, mara nyingi nusu. Kilichobaki kilikuwa chake cha kula na kuvaa. Wengi wao walikaa peke yao katika vibanda vya Ng'ambo, wasionane na mabwana wao ila siku ya kupeleka fungu.

Wanawake walikuwamo pia, wala hawakuwa wachache. Kazi ya sandarusi inafaa kutajwa kwa mfano. Sandarusi ni gundi ya miti ya kale iliyofukuliwa ardhini huko Mrima, na ilitumika katika nchi za ng'ambo kutengenezea vanishi. Hutoka ardhini ikiwa imefunikwa ganda la udongo na mchanga, na ganda hilo halina budi kuondolewa kabla ya mali kuuzwa. Zamani nyingi yake ilikuwa ikisafishwa Salem kwenyewe. Lakini Marekani ilipobadilisha ushuru wake mwaka 1861, kazi hiyo ikahamia hapa Unguja. Ikawa mikono ya akina mama wa Ng'ambo ndiyo inayoosha na kuchagua kipande kwa kipande mali iliyokwenda kupaka viti vya watu wa mbali. Karafuu nazo zilichambuliwa vivyo hivyo, makonyo upande mmoja na karafuu safi upande mwingine, kama tufanyavyo hata leo.

Malipo ya siku yalihesabiwa kwa pesa, yaani vile vipande vya shaba vilivyoletwa kutoka Bara Hindi, na jina lake ndilo tulilolikuza likawa jina la fedha zote. Na baina ya kazi na pesa kilisimama kile kikaratasi. Ulipofika wakati wa kuondoka, kila mmoja alipewa chake, akakichukua kwa mshika fedha. Aliyekishika kwa kawaida hakujua kusoma. Alijua tu kwamba bila ya kikaratasi halipwi, na kwamba akiwa nacho hapana wa kumwambia hakuja kazini.

Kwa sheria ya wakati ule mtumwa na alichonacho walikuwa mali ya bwana wake. Hata hivyo, kwa saa zile chache tangu alipopewa kibarua chake mpaka alipolipwa, mtu huyo asiyekuwa na kitu alikuwa anamdai mfanyabiashara mkubwa wa Shangani, na dai lake limeandikwa. Sisemi kwamba hilo lilipunguza uchungu wa utumwa; nusu ya pato lilikuwa linamngoja bwana. Nasema tu kwamba katika maisha yake yote, pengine ile ndiyo hati pekee iliyoandikwa kwa faida yake.

Na aibu ya neno, je, ilitoka wapi? Haikutoka katika karatasi. Ilitoka katika fikira za mji wenyewe, ambapo mwungwana alijivunia kutofanya kazi ya kukodiwa, na kila kazi iliyofanywa na mtumwa ikahesabiwa ya kitumwa hata ifanywe na nani. Majina ya kazi hapa kwetu yamepatwa na msiba huo mara nyingi. Ndugu zetu wa kusini walibandikwa jina la Wahadimu, ambalo kwa asili ya Kiarabu ni mtumishi, ingawa walikuwa na Mwinyi Mkuu wao kabla ya Sultani yeyote kuja. Katika neno mjakazi, kinyume chake, watu hudhani mna kazi, na kumbe hamna: kile kimalizio ni cha kale cha lugha za Kibantu chenye kuonyesha jinsi ya kike tu. Masikio yetu yamezoea mno kuoanisha kazi na utumwa hata yakaisikia mahali isipokuwapo.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja, huku Pemba ikisalimika kwa kiasi kikubwa. Na tangu miaka hiyo Pemba ndiyo ikawa mama wa karafuu. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Mkunazini, mahali ambapo baadaye pakajengwa kanisa kuu la Kiingereza. Soko likafungwa, utumwa ukabaki. Uliondolewa katika sheria tarehe 6 Aprili 1897, chini ya Sultani Hamoud bin Muhammed.

Amri hiyo ya 1897 yafaa itazamwe na kila mtu anayeshughulika na karatasi. Haikumfanya mtu huru kwa kupitishwa kwake tu; ilimpasa mwenyewe aende mahakamani akaombe, naye bwana wake akalipwa fidia. Tena aliyepata uhuru ilimbidi aonyeshe kwamba ana mahali pa kukaa na njia ya kujipatia riziki, asije akahesabiwa mzururaji. Njia ya kujipatia riziki, kwa mtu asiye na ardhi, ilikuwa nini ila kazi ya kukodiwa? Basi wengi walitoka mahakamani wakarejea kazi ileile, pengine kwa tajiri yuleyule. Tofauti yake ilikuwa kubwa kwa mwenye kuionja: ule mgawo wa nusu haukupelekwa tena kwa mtu.

Katika karne ya 20 maneno ya kazi yaliongezeka, na kila moja lina tabia yake. Mshahara asili yake ni Kiarabu, kutokana na neno la mwezi. Ni malipo ya mwezi kwa mwezi, na ndiyo maana mwenye mshahara hukopeshwa dukani. Yaumia ni malipo ya siku. Ujira na ajira ni shina moja, lenye maana ya malipo na thawabu. Hamali ni mchukuzi, nalo ni jina walilolichukua khasa Washihiri waliotoka Hadhramaut na magari yao ya kusukuma, ambayo mpaka leo baadhi yetu huyaita gari za hamali. Kuli limetoka Bara Hindi, na katika lugha ya Kitamil maana yake ni ujira. Yaani mtu ameitwa kwa jina la malipo yake, kama vile kibarua alivyoitwa kwa jina la karatasi yake. Kati ya yote hayo, ni hili letu peke yake lililohifadhi ndani yake ushahidi wa maandishi.

Nililitazama na neno la Waingereza, kwa kuwa ndilo lililojaa katika majalada ya serikali yao walipokuwa hapa. Wao kazi ya mikono, na watu waifanyao, huita "labour". Limewafikia kwa njia ya Kifaransa kutoka Kilatini, na maana yake ya kwanza ni taabu na mashaka. Mpaka leo Mwingereza hutumia neno hilohilo kwa uchungu wa mwanamke anayejifungua. Kwa kazi ya kutwa huongeza "casual", nalo linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuanguka na ya jambo linalotokea kwa bahati. Ukiyaunganisha kwa asili yake, kibarua kwa Kiingereza ni taabu ya kubahatisha. Sioni kwamba wametushinda. Lakini mwaka 1906 chama cha wafanya kazi wa Uingereza kilijiita kwa neno hilo la taabu bila ya kuona haya, na mwaka 1924 kikaunda serikali. Wala hawakutafuta neno tamu zaidi.

Karatasi inaweza pia kuwa adui, na mfano tunao jirani. Kule Kenya, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika aliyepindukia miaka 16 alilazimishwa kuchukua kipande chenye alama za vidole vyake, majina ya waajiri wake na ujira aliolipwa, akakitia katika kikopo cha bati na kukining'iniza shingoni. Hicho kilikuwa cha kumfunga mtu asiondoke kazini. Kibarua na kipande, majina yote mawili ni ya karatasi ndogo. Tofauti ni nani aliyeiandika kwa faida ya nani. Nimelitaja hili kwa sababu mwanachama mmoja alisema mkutanoni kuwa watu wa chini hawapendi karatasi. Ana haki kwa upande mmoja. Karatasi nyingi walizopewa zilikuwa za namna ya Kenya.

Hapa Unguja, kazi za mashamba ya karafuu zilikuwa na hesabu zake, na neno kibarua halikutamalaki huko kama mjini. Mpalizi alipimiwa ngwe, naye mchumaji alilipwa kwa pishi, ambayo ni vibaba vinne, na kila pishi ilihesabiwa mbele ya macho yake. Bei ya pishi iligombewa kila msimu, na Jumuiya ya Wenye Mashamba ya Karafuu iliyoanzishwa mwaka 1927 ilikuwa na gharama za wachumaji miongoni mwa mambo iliyotaka kuyadhibiti. Lakini kipimo kilionekana. Mchumaji aliyeona pishi imejazwa kupita kiasi aliweza kusema papo hapo.

Mtu wa kutwa wa mjini hakuwa na pishi. Alikuwa na siku yake tu. Bandarini, kadiri miaka ilivyopita, alisimama asubuhi akingoja kuchaguliwa na msimamizi, na asiyechaguliwa akarudi nyumbani mikono mitupu. Mwezi wa Agosti 1948 wafanya kazi wa bandari ya Unguja waligoma, na mwezi wa Septemba mgomo ukawa wa mji mzima. Ndugu Adam Shafi aliitunga riwaya yake ya Kuli, iliyotoka mwaka 1979, juu ya habari hizo, na mwanachama apendaye kusoma hatojuta kuitafuta.

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 mashamba makubwa yalitaifishwa, na wakulima wakagawiwa eka tatu tatu. Baba zetu na babu zetu wengi walioandikwa katika orodha zile walikuwa watu wa kibarua. Kwa siku moja mtu akaacha kukodiwa, akawa na mikarafuu yake. Hapo pana jambo ambalo hatulisemi sana katika sherehe: msimu ulipofika, mwenye eka tatu naye alihitaji watu wa kumchumia na kumpalilia, na kikoa cha majirani hakikutosha kila mara. Akaanza kukodi. Leo katika Umoja huu mwanachama mmoja ni mwajiri mwezi huu, na mwezi ujao mwanawe anapakia magunia ya mwanachama mwingine. Kwa hiyo tunapojadili neno kibarua tunajadili watoto wetu wenyewe.

Na hapa ndipo ninapotaka kutoa rai yangu, kwani mkutano haukuniomba historia peke yake.

Msimu uliopita alikuja ofisini mama mmoja mtu mzima, ambaye sitamtaja jina. Alichambua karafuu katika ghala letu. Alisema amefanya kazi siku tisa. Daftari la msimamizi lilionyesha siku sita. Msimamizi ni mtu mwaminifu, wala sina sababu ya kumshuku. Alisema kila aliyekuja aliandikwa. Mama naye alitaja siku zake moja moja: siku ya mvua, siku ya maziko ya jirani alipochelewa kidogo, siku gari lilipoharibika Mwera. Nikamwuliza kama ana chochote cha kuonyesha. Akanitazama, akasema, "Mwanangu Katibu, na mimi ningekuwa na cha kuonyesha, ningekuja kusema?" Kamati ndogo ilikaa, ikatazama daftari, na kwa kuwa daftari ndilo lililokuwako, akalipwa siku sita. Alizipokea, akahesabu, akashukuru. Hajarudi ghalani tena.

Sijui mpaka leo nani alikuwa na haki katika siku zile tatu, wala haiwezekani tena kujua. Lakini nilipokuwa nikikusanya habari hizi, nilirejea mara nyingi kwake. Zaidi ya miaka 150 iliyopita, mtumwa aliyechambua karafuu au sandarusi mjini humu alitoka jioni na kikaratasi mkononi. Mama huyu, raia huru, katika ghala la chama cha ushirika, alitoka bila ya kitu. Tumelibakisha jina la kibarua na tumeipoteza barua yake.

Kwa sababu hiyo siungi mkono kulifuta neno. Tukiandika "wafanya kazi wa muda" au "wasaidizi", daftari litapendeza, na siku tatu za mtu zitapotea vilevile. Nakiri kwamba wenzangu waliotaka lifutwe hawakusema upuuzi. Mzee mmoja wa tawi la kaskazini aliniambia baada ya mkutano, "Wewe umesoma, hujapata kuitwa 'kibarua wewe' mbele ya wanao." Hilo ni kweli, na jibu lake haliko katika kamusi. Liko katika ulimi wa wasimamizi wetu. Neno likiwa jina la karatasi na la kazi halimvunjii mtu heshima. Likigeuzwa kuwa jina la kumwitia mtu mwenye jina lake, linamvunjia. Sarufi inaruhusu yote mawili. Adabu inaruhusu moja.

Kamati Kuu ilipokea maelezo haya kabla ya kijitabu kupelekwa kuchapwa, na maamuzi yake nayaandika hapa ili kila tawi liyajue. Safu ya "Vibarua" itabaki katika daftari. Orodha ya asubuhi itasomwa kwa majina kamili, Bwana fulani bin fulani na Bibi fulani binti fulani, na msimamizi haruhusiwi kumwita mtu kwa jina la kazi yake. Na kuanzia msimu huu, kila afanyaye kazi ya kutwa katika maghala ya Umoja, na katika shamba la mwanachama yeyote anayekopa fedha za mavuno kwetu, atapewa kibarua chake kila siku kabla ya kuondoka.

Kimechapwa vipande viwili vyenye nambari moja: kimoja hubaki kitabuni, kingine huchukuliwa na mwenyewe. Kina nafasi ya jina, tarehe, aina ya kazi, kiasi cha malipo, na saini ya msimamizi. Asiyeandika atatia dole gumba. Mshika fedha atalipa kila Alhamisi kuanzia saa mbili asubuhi, atakichukua kile kipande na kukibandika dhidi ya nambari yake kitabuni. Nambari ambayo haijabandikwa ni deni la Umoja, na itasomwa katika mkutano wa kila mwezi mpaka ilipwe. Aliyepoteza chake asikae nyumbani kwa kuona haya. Na aje ofisini na mtu mmoja aliyefanya naye kazi siku hiyo, nasi tutakitazama kile kipande kilichobaki kitabuni.